Binti anaolewa Mpulungu, kanisa la United: atabatizwa upya?

MamaMwanga
Shalom wapendwa. Naandika nikiwa Mwanga, Kigoma. Binti yangu amechumbiwa na kijana wa Mpulungu, Zambia, walijuana kwenye biashara ya dagaa. Sisi Wamoravian, mimi nimezaliwa Urambo na kipaimara nilipata hukohuko. Kijana anasali United Church of Zambia. Posa imeletwa, mshenga mtu mzima mwenye adabu, sina neno naye. Ila wifi yangu kaja juu: eti hilo ni kanisa la mchanganyiko, halina baba wala mama, na binti atatumbukizwa majini upya. Anayelijua anisaidie: wanaamini nini, nani anawaongoza, na cheti chetu cha ubatizo watakipokea? Matusi kaeni nayo.

MgebukaMkavu
Dada, nimekaa Mpulungu miaka sita nikinunua samaki, migebuka (kule wanaiita buka buka, ukisema mgebuka wanakutazama tu). Moravian jirani sikuiona, basi Jumapili nikawa nakaa kwao. Niliingia na barua ya mchungaji wangu, wakaisoma mbele ya usharika, wakanipigia makofi, basi. Maji hayakunigusa. Wanabatiza watoto wachanga kama sisi, sakramenti ni mbili, ubatizo na Meza ya Bwana, na Imani ya Mitume utaitambua hata ikisomwa Kibemba. Mimi Kibemba kilinichukua mwaka mzima, lakini hapo kwenye "Pontio Pilato" nilikuwa nakuwa pamoja nao.

Mchanganyiko ni kweli, ila si wa kuokotaokota. Waliungana tarehe 16 Januari 1965 huko Mindolo, Kitwe, na Kaunda mwenyewe alihudhuria. Baba yake alikuwa mhubiri wa misheni ya Waskoti. Ndani yake wamo Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, misheni ya Wafaransa wa Paris iliyokuwa kwa Walozi, na wamisionari wa London. Na tusiwape wazungu sifa yote. Tangu miaka ya 1920 wachimbaji wa Kopabelti, ule ukanda wa migodi ya shaba, kila mmoja katoka misheni yake, walikuwa wameshaanza kusali pamoja. Mtu katoka zamu shimoni, hana muda wa kuuliza jirani yake kabatizwa na nani.

Uongozi: usharika una wazee wa kanisa wa kuchaguliwa, na hao wana sauti kwelikweli, niliwahi kuona mzee mmoja anamzuia mchungaji kununua spika mpaka paa liishe. Juu kuna konsistori (kikao cha sharika za jirani), halafu presbiteri (ya eneo kubwa zaidi) yenye askofu wake, na juu kabisa Sinodi. Neno la mwisho ni la vikao. Sisi Wamoravian hilo si geni.

Nyarubanda_1
Maneno mazuri, lakini kanisa linalokubali kila mtu linasimamia nini? Matendo yao ni yapi?

MgebukaMkavu
Hospitali ya Mbereshi kule Luapula ni yao, ya Mwandi kando ya Zambezi pia, na shule ya wasichana ya Chipembi. Lakini nililoliona kwa macho ni wale akina mama wa ushirika wao. Nililazwa na malaria, sina ndugu hata mmoja mji ule. Walikuja watatu na sufuria ya nshima, ugali wao, wakafua mashuka yangu, wakaomba, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza kadi ya sadaka.

BabuWaUrambo
Mwangaluka, binti yangu. Mwambie wifi yako hivi. Wamisionari wa London walifika Ujiji 1878, hapo hapo karibu na kwako. Mchungaji Thomson akafa mwaka uleule, Ujiji. 1879 wakafungua misheni Urambo, kwa Mtemi Mirambo. Wenzao waliobaki ziwani wakahamia kusini, wakajenga Niamkolo. Magofu ya lile kanisa la mawe yapo Mpulungu mpaka leo. Sasa sikiliza: mwaka 1898 watu wa London waliwakabidhi Wamoravian misheni ya Urambo. Upande wa kusini ukaendelea, ndio ukaingia United. Wewe na mkweo mmetoka tumbo moja, mmoja kalelewa na shangazi.

MgebukaMkavu
Babu umenimaliza. Niamkolo nilikuwa napita kila wiki, nikidhani ni ghala la Mjerumani.

MamaMwanga
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea wifi yote, mpaka ya babu. Kanyamaza kidogo, kisha kauliza huyo kijana anamudu ugali wa muhogo au ni mahindi tu. Kikao ni Jumamosi. Kesho asubuhi naenda kwa mchungaji kuomba ile barua.