Tupeane uzoefu: tenda za serikali na mishahara ya watu wetu wakati wa korona

Mkandarasi wa Molo
Wenzangu, jana nimekutana na fundi wangu wa zamani pale stendi ya Nakuru. Hata salamu hatujamaliza akaniuliza, "Bosi, ile hela ya Aprili iliishia wapi?" Nimekosa usingizi.

Mnakumbuka kaunti tano za Kenya zilivyofungwa tarehe 26 Machi 2021, watu wasiingie wala kutoka, Nakuru ikiwemo. Nilikuwa najenga madarasa ya serikali ng'ambo ya mpaka, upande wa Londiani, na mafundi wote wanalala Molo. Lori la simiti lilipita kwa sababu ni mzigo. Mafundi walioketi juu ya mifuko wakashushwa kizuizini. Mpaka inafunguliwa Mei mosi, simiti ilikuwa imeanza kuganda stoo. Mkataba haukuwa na neno lolote kuhusu janga, na ofisi ikaniandikia barua ya faini ya kuchelewa.

Mliokuwa na tenda au mlioajiri watu kipindi kile, mlipitia nini?

Nyar Nyalenda
Mimi niliuza sanitaiza kwa LPO, ile hati ya ofisi ya kuagiza bidhaa, kwa mkopo wa benki. Benki ilishalipwa kwa shamba la marehemu baba. LPO bado ninayo.

Fundi Bomba
Pole dada. Tuko wengi.

Mama Usafi, Kisumu
Acheni niseme langu, maana sijawahi kulisema lote.

Kampuni yangu ilikuwa na mkataba wa usafi katika hospitali moja ya umma. Juni 2021 Kisumu na kaunti nyingine 12 za ziwa na magharibi tukawekewa kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Zamu yangu ya usiku ilianza saa mbili. Kila msichana alitembea na barua ya huduma muhimu, na kuna askari ambao hawakutaka hata kuisoma.

Mkataba ulisema hospitali itatoa vifaa vya kujikinga. Vilipopungua, mwenye stoo akawapa wauguzi peke yao, akasema wasafishaji wana kontrakta wao. Usiku mmoja msimamizi wangu akanipigia: wasafishaji wamesimama mlangoni mwa wodi ya korona, hawaingii. Glavu zilizobaki ni zile nene za kufulia, jozi moja, wanapokezana zikiwa bado na unyevu wa mwenzake. Ndani kuna damu sakafuni na mgonjwa mwingine anateremshwa kwenye ambulensi. Nilipofika, msichana mmoja mwenye mtoto wa kunyonya akaniambia, "Mama, ukitaka nifukuze, lakini hivi siingii."

Sikumfukuza. Niliwatoa wote nje, nikampigia simu mkuu wa hospitali mpaka stoo ikafunguliwa. Saa nane usiku wakaingia, wamevaa kama wauguzi.

Wiki iliyofuata nikapata barua kwamba nimevunja mkataba kwa kugoma. Na hao hao walikuwa hawajanilipa ankara za mwaka uliotangulia! Msafishaji mmoja akaugua, bima ikataka uthibitisho kwamba aliambukizwa kazini wala si kwenye matatu. Uthibitisho huo ningeutoa wapi?

Nyar Nyalenda
Mama, nimesoma nikasimama.

Mlinzi Mstaafu, Kakamega
Mama Usafi, wewe nakuheshimu. Lakini makontrakta wengine msijifiche nyuma yake. Nililinda ofisi ya serikali chini ya kampuni, tukatumiwa ujumbe wa WhatsApp usiku: kuanzia kesho nusu mshahara, wengine likizo bila malipo. Sikusaini chochote. Na Aprili 2020 serikali iliwaondolea PAYE, kodi ya mshahara, wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Nafuu hiyo sikuiona kwenye payslipu.

Mkandarasi wa Molo
Mzee wangu, serikali hailipi, pesa ya kukulipa ingetoka wapi?

Mlinzi Mstaafu, Kakamega
Hilo ni deni lako na serikali. Mimi niliajiriwa na kampuni.

Fundi Bomba
Mzee yuko sawa.

Aliyekuwa HR, Nakuru
Mzee yuko sawa kisheria pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10: ukibadilisha masharti unashauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Likizo bila malipo ni makubaliano, si amri. Kama kazi imekwisha kabisa, kuna kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Na Mama, glavu ni wajibu wa mwajiri bila kumkata mfanyakazi, hata mkataba wako na hospitali useme nini. Ulipaswa kununua kwanza, uwadai baadaye.

Mama Usafi, Kisumu
Kununua kwa pesa gani, na glavu zenyewe bei imepanda mara kadhaa?

Kijana wa Kondele
Mama, washtaki. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakupa riba kwa malipo yaliyochelewa.

Nyar Nyalenda
Akishtaki hapewi tenda tena. Bora aende kwa mheshimiwa, alie mlangoni mpaka aonewe haya.

Kijana wa Kondele
Dada, kulia hakujawahi kulipa ankara.

Aliyekuwa HR, Nakuru
Hata akishinda, madalali wa mahakama hawabebi mali ya serikali. Unachukua cheti cha amri, hati ya mahakama inayoonyesha unachodai, kisha unarudi mahakamani kuomba afisa mhasibu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi hiyo, alazimishwe kulipa. Na angalieni muda: kesi ya ajira ni miaka 3 tu. Mzee wa Kakamega, yako ya 2020 imepita.

Mlinzi Mstaafu, Kakamega
Nilijua. Nimeandika ili vijana wasisubiri kama mimi.

Kijana wa Kondele
Deni la mkataba ni miaka 6.

Aliyekuwa HR, Nakuru
Kati ya watu binafsi. Dhidi ya serikali kuna sheria yake, inasema 3. Mama, baada ya hapo waliwahi kukuandikia barua kukiri deni?

Mama Usafi, Kisumu
Ipo ya kamati ya kuhakiki madeni, imegongwa muhuri. Kuna anayejua wakili hapa Kisumu anayeweza kuisoma wiki hii?

Fundi Bomba
Nitakutumia namba inboksi. Beba na ile barua ya kugoma.