Istanbul na wife, mwezi wa 6 au wa 12? Wazoefu njooni

MtuWaKirumba
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa waliowahi kufika Istanbul, iwe kutembea au kufuata mzigo. Mimi na wife tumejichanga muda mrefu, tunataka siku sita au saba, mji tu, hatuendi Cappadocia wala Antalya, ni kuzunguka mitaani, kula, kupanda boti, kuona misikiti na ile ikulu ya masultani basi. Shida ni muda wa kwenda. Wife ni mwalimu wa sekondari kwahiyo likizo zake za maana ni mwezi wa 6 na wa 12. Mimi navutia kwa wa 12 maana huku ndo mwezi wa kutoka, halafu nina picha kichwani ya theluji juu ya misikiti kama tunavyoona insta. Yeye anasema June. Mdogo wangu naye kaingilia eti tusubiri April kuna maua. Nataka kujua hali ya hewa ilivyo kweli kweli, watu wanavyojaa, bei, na kama kuna siku za kukwepa. Mjue sisi wa Mwanza ikifika digrii 18 tunatafuta sweta. Nawasilisha.

Mswahili_34
Mkuu karibu sana. Mimi nipo huku nasoma kwahiyo nakupa ya anayeishi. Hiyo theluji ya insta ifute. Huku ikianguka ni Januari na Februari, na hata hapo ni siku za kuhesabu, leo mji mweupe watu wanapiga picha keshokutwa ni tope jeusi pembeni ya barabara. Desemba ndo mwezi wa mvua kuliko yote, digrii 6 mpaka 11 hivi, na mvua yenyewe si ile yetu ya kupiga saa moja kisha jua linawaka, hii inanyunya kutwa nzima na upepo wa Bosphorus, ile bahari inayokata mji katikati, unakuingilia kwenye shingo. Kuna upepo wa kusini wanauita lodos, ukichachamaa boti zinasimamishwa, na wewe umesema unataka boti.

Ila kitu ambacho watu hawaambiani ni mwanga. Uturuki tangu 2016 waliacha kubadilisha saa, mwaka mzima wako saa sawa na sisi Afrika Mashariki, saa yako ya mkononi huigusi. Sasa matokeo yake Desemba jua linachomoza saa 2 na nusu asubuhi na saa 11 na nusu hivi jioni limeshazama. Yaani mkiamka, mkanywa chai, mkajivuta kidogo, mna mchana wa masaa tisa tu na hapo mawingu. June jua linatoka saa 11 na nusu alfajiri linazama saa 2 na nusu usiku, ni masaa 15 ya kutembea. Nauli ni ileile umelipa, chumba umelipa, unanunua siku ndefu au fupi ni wewe tu.

Mimi nipo na shemeji. June, tena mapema.

Mama_Kago
Mdogo wangu msikilize mkeo. Mimi naenda Laleli, mtaa wa nguo za jumla, kufuata mzigo miaka mingi, nimeuona huo mji majira yote, na baridi ya Desemba ukiwa kazini unaivumilia maana unaingia duka unatoka duka, ila kutembea kwa starehe na mke, hapana.

Cha kuangalia zaidi ya hali ya hewa ni sikukuu zao. Idi zote mbili kule ni siku kadhaa, soko kubwa Kapalıçarşı linafungwa, maduka ya jumla yanafungwa, mji nusu unaenda kijijini na nusu nyingine inapanda boti na wewe. Na Idi inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka kwahiyo usikariri, angalia kalenda ya mwaka wako. 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Idi ya kuchinja katikati ya Mei, June inakuwa salama kabisa. Kingine Kapalıçarşı Jumapili wamefunga, Laleli nayo Jumapili usijisumbue. Topkapı, hiyo ikulu unayoisema, Jumanne imefungwa, ikulu nyingine ya Dolmabahçe Jumatatu. Nimeona watu wametoka Dar mpaka getini wanakuta kufuli, tena siku yao ya mwisho.

Halafu shem akiingia Laleli mwambie mapema, maduka mengi ya pale hayauzi kipande kimoja, wanauza seti ya saizi zote. Akitaka gauni moja aende mtaa wa Istiklal au kwenye mall. Punguzo la nguo la kweli linaanza July na lingine Januari, June unakuta ndo wanaanzaanza.

wa_Eastleigh
Wasee msimtishe huyu bana. Mimi nilienda January na ningerudi January. Topkapı niliingia hakuna laini, hoteli Sultanahmet nililipa karibu nusu ya bei waliyonionyesha ya summer, na vitu vingine ni vya baridi, hautavipata June. Salep, kile kinywaji cha maziwa, ya moto na mdalasini juu, chestnut zinachomwa kwa mkokoteni kila kona ya barabara, boza, kinywaji chao kizito cha nafaka, pale mtaa wa Vefa inanyweka na dengu za kukaanga. Na hamam, bafu lao la mvuke! Kuingia hamam wakati nje ni digrii nne ndio utajua kwa nini hawa watu walijenga hizo vitu. June unaingia hamam ukiwa tayari unatoka jasho, ni ya nini.

Na hiyo ya hasira zenu kwa mvua, msikiti una paa, Basilica Cistern, lile tangi la maji la kale, iko chini ya ardhi, museum zina paa. Buda nunua koti zito na viatu haviingizi maji, maliza. Kitu sitakuambia uende ni July na August. Joto digrii 30 na unyevu wa bahari, na watu, ile mistari ya watu pale msikiti wa Ayasofya inazunguka jengo.

Kibarazani
Kwa hela ya Istanbul ungemalizia fensi mkuu 😂 naondoka zangu

MtuWaKirumba
Fensi ipo mkuu, imebaki geti tu 😂
Asanteni sana kwa kweli. Wa Eastleigh umenishawishi kidogo upande wa bei, koti zito Mlango Mmoja napata la mtumba zuri tu kwahiyo hilo si tatizo, ila hilo la jua kuzama saa 11 na nusu limenimaliza, sikuwahi kuliwaza. Maswali mawili. Hiyo June wazungu hawajajaa? Na vipi April, mdogo wangu hanipi amani. Wife anaweza kuipata ile likizo fupi ya mwezi wa 4 au wa 9 japo ni kama wiki tu. Halafu sisi tunakula samaki, msije mkatupeleka kwenye kebab siku saba.

Mswahili_34
April maua ni kweli, tulip wanazipanda mji mzima, bustani ya Emirgan ndo pameshonana, ya Gülhane nayo ukiwa unatoka Topkapı unazikuta. Ila maua hayana adabu, mwaka mwingine yanafunguka mwanzo wa mwezi mwaka mwingine katikati, na likizo fupi haihamishiki. Na April hali ya hewa inacheza, asubuhi digrii 8, mchana 16, kesho yake mvua, mtu wa sweta kwenye 18 utaomba blanketi. Kama ni maua tu mwezi mzima yapo ya kuona, ila usijenge safari ya maisha juu ya wiki moja ya April.

Watu kujaa, shule za huku zinafungwa kati ya katikati na mwisho wa June hivi, zikishafungwa ndo familia zinamwagika mitaani na wageni wa Ulaya nao wanaongezeka. Ndo maana nikasema mapema. Ukija ndani ya wiki mbili za kwanza unapata digrii 17 mpaka 26, mvua ni ya kubahatisha, unatembea jioni na shati. Panda boti ya kawaida ya Eminönü kwenda Kadıköy, si zile za watalii wanaokufuata na karatasi mkononi, hii unagonga kadi ya Istanbulkart tu, dakika ishirini hivi. Nenda nayo saa 2 kasoro usiku jua bado lipo, kaa nje upande wa kushoto, mzee anapita na sinia la chai kwenye vile viglasi vyenye kiuno, watu wanarusha vipande vya simit, mkate wao wa duara wenye ufuta, na shakwe wanavidaka hewani pembeni ya sikio lako. Januari watu wote wamejifungia ndani vioo vimejaa mvuke.

Samaki sasa hapo ndo June inapokosa. Uvuvi wa meli kubwa unafungwa kuanzia tarehe 15 April mpaka mwisho wa August, kwahiyo June mezani kuna wa kufuga na wa wavuvi wadogo, bei imechangamka. Ule mkate wa samaki wa Eminönü upo mwaka mzima maana mara nyingi ni mackerel wa Norway wa kwenye barafu, mtu wa sato usimpe heshima kubwa. Samaki hasa wanaanza September, palamut na lüfer. Kwahiyo kama shemeji anaweza kupata hiyo wiki ya mwezi wa 9, digrii 18 mpaka 25, bahari ina joto, samaki wapo, mimi ningeichukua hiyo kabla ya April mara kumi.

Mama_Kago
September nzuri lakini wiki moja ya likizo fupi ukitoa siku ya kwenda na ya kurudi, tena wao wanatokea Mwanza waje kwanza Dar au Kilimanjaro, inabaki nini? Siku nne. June ana mwezi mzima, hata ndege ikiahirishwa hana presha ya kuripoti shule. Samaki atawala akirudi Kirumba.

MtuWaKirumba
Mama Kago umemaliza. Tumekaa na wife sasa hivi, ni June, wiki ya kwanza ya likizo. Ayasofya mnatushauri siku gani?

Mswahili_34
Yoyote ila si Ijumaa mchana, kuna swala. Nendeni asubuhi mapema. Tangu 2024 mgeni analipa euro 25, anapandishwa ghorofa ya juu, chini ni kwa wanaoswali. Msikiti wa Bluu uko mbele yake na ni bure, shem abebe mtandio wake. Viza muanze sasa, na kama ni ya mtandaoni muombe kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, kuna za mawakala zinafanana nayo kila kitu na zinakata mara mbili.