Ushauri: mashine ya boti imetoka kwa fundi, inatoa moshi mweupe na haina nguvu

Nahodha_Tumbe
Assalaam alaykum nyote. N'na boti ya dagaa hapa Tumbe, Pemba, kaituachia marehemu baba, tunaitumia mimi na ndugu zangu wawili. Mashine ni dizeli ya silinda moja, ya kulala, yenye flaiwili kubwa ubavuni, inawashwa kwa hendeli. Mwezi uliopita ilichemka ikakamata tukiwa baharini. Fundi akabadilisha ringi za pistoni na gasketi ya silinda hedi, na pampu ya mafuta akaifungua akatia planja mpya, kile kijiti cha chuma kinachosukuma mafuta.

Leo siku ya nne tangu irudi. Asubuhi haiwaki mpaka tupokezane hendeli watu watatu. Ikiwaka inatoa moshi mweupe unaochoma macho, unanuka dizeli mbichi. Bila mzigo inanguruma vizuri, lakini ukitia gia kuelekea nje inalegea, na ekzosi ina moto kuliko zamani. Fundi anasema itajizoea yenyewe. Giza la mwezi, ndio wakati wetu wa kuvua dagaa, linaingia baada ya siku tisa, na boti ikikosa giza hili nyumba tatu zimekosa. Kuna mtu kaniambia ni taimingi, yaani mafuta hayaingii silindani kwa wakati wake. Nitajuaje kama ni taimingi kweli na si ringi? Na naweza kuipima mwenyewe hapa pwani?

Yakhe_Wete
Waalaykum salaam. Fungua pampu, punguza shimu, vile vibati vyembamba vya chini yake, moja moja huku unasikiliza. Ikianza kugonga rudisha moja. Sisi ndivyo tunavyofanya, yakhe.

FundiPampu_Chake
Waalaykum salaam, nahodha. Ndugu yangu hapo juu namheshimu, lakini hilo la sikio silikubali. Dizeli haina plagi ya cheche, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Yakiingia mapema mno yanawaka pistoni bado inapanda, yanaipiga kichwani. Pistoni inaweza kupasuka, na hendeli ikirudi kinyume inavunja mkono wa mtu. Yakichelewa, pistoni imeshaanza kushuka na joto limepungua, mengine yanatoka hayajaungua. Ndio moshi wako mweupe. Ekzosi nayo inapata moto kwa kuwa mafuta yanamalizikia kuungua bombani.

Anza na ringi. Zungusha hendeli polepole bila kuinua kile kikono cha kupunguzia kompresheni. Ikigoma na kukusukuma kama springi, ringi zinabana. Ikipita kama unakoroga uji, wachana na taimingi, tazama ringi na valvu. Kisha nijibu hili: fundi alipoirudisha pampu, chini yake alitia nini?

Nahodha_Tumbe
Inabana, mkono unarudishwa. Kuhusu pampu, nilikuwepo. Shimu za zamani zilikuwa mbili, nyembamba kama wembe. Alizirudisha zote, ikawa inavuja, akakata karatasi ya gasketi kwa mkasi akaiongeza juu yake.

FundiPampu_Chake
Basi hapo hapo. Pampu hiyo inasukumwa na kamu, ile nundu ya shafti inayozunguka. Ukiinyanyua kwa karatasi, kamu inachelewa kuibana planja, na mafuta yanachelewa kutoka. Kwa mashine nyingi za aina hii milimita 0.1 chini ya pampu ni kama digrii moja. Karatasi hizo aghalabu zina nusu milimita. Lakini usikisie, pima kwanza.

Toa hewa yote kwenye mafuta. Weka mkono wa mafuta kwenye kutembea, ukiwa kwenye kuzima pampu haitoi kitu na utajidanganya. Fungua bomba la kwenda kwenye nozo, ile inayopuliza mafuta silindani, upande wa pampu, usafishe mdomo wa pampu, mafuta yawe yamejaa mpaka ukingoni. Inua kikono cha kompresheni, zungusha flaiwili kwa mkono, upande ule inaozungukia, polepole sana, na mwenzako amulike tochi kwenye ule mdomo. Mafuta yakitikisika tu, simama. Usisubiri yamwagike. Alama ya flaiwili itakupitia mara mbili, ila pampu inasukuma mara moja katika mizunguko miwili. Ukizidisha, rudi nyuma robo mzunguko uje upya, usirudi kidogo kidogo, gia zina nafasi kati ya meno.

Flaiwili ina alama ya topu, pistoni ikiwa mwisho wa kupanda, na nyingine inayotangulia. Hiyo ya kutangulia ndiyo ya mafuta. Ikiwa imeshakipita kidole cha bodi, kile kionyeshi kwenye mwili wa mashine, ndipo mafuta yanatikisika, umechelewa. Umbali kati ya alama na kidole upime kwa utepe wa fundi cherehani: zungushia flaiwili nzima, gawa kwa 360, hiyo ndiyo digrii yako moja.

Mama_Dagaa
Mwanangu, nakuomba, wakati wa kazi hiyo asiweke mtu kidole mbele ya nozo wala bomba lililolegea. Mafuta yale yanatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kama cha sindano, ndani mkono unaoza. Likitokea ni hospitali saa ile ile, asisubiri uvimbe.

Nahodha_Tumbe
Shukran mama, nimewaambia wadogo zangu. Tumepima leo baada ya alasiri. Flaiwili mzunguko wake sentimita 108, kwa hiyo digrii moja ni milimita 3. Tumerudia mara tatu: milimita 17, 16, 17, na zote alama ilikuwa imeshapita. Yaani digrii tano na nusu hivi.

FundiPampu_Chake
Kipimo kikirudi hivyo mara tatu, kiamini. Toa karatasi, bakisha shimu mbili. Nyuso zote mbili safisha kwa kitambaa, usikwangue kwa patasi, kisha paka gundi ya gasketi kidogo mno. Upime tena kabla ya kuwasha, planja ni mpya.

Yakhe_Wete
Mimi hiyo ya utepe sikuijua. Nitaipima na yangu.

Nahodha_Tumbe
Nimerudi. Sasa alama inapishana na kidole milimita 2 tu, nimeiacha hapo. Haivuji. Leo alfajiri imewaka kwa mikono miwili, mdogo wangu peke yake. Tumeitoa mpaka nje ya mwamba dhidi ya mkondo, inavuta, na ekzosi imetulia. Kilichobaki ni moshi mweupe kidogo ikiwa baridi, dakika mbili tatu, kisha unakatika. Ni taimingi tena?

FundiPampu_Chake
Alhamdulillah. Hapana, shimu usiziguse tena. Huo sasa nahisi ni nozo inadondosha. Ifungue, izibe mdomo kwa kitambaa safi, uilete ijaribiwe kwenye mashine ya presha.

Nahodha_Tumbe
Nakuja nayo kesho kwa daladala ya asubuhi. Giza bado siku sita.