Mtoto mwenye ugonjwa wa Hirschsprung: nimtunze na kumtuliza vipi wodini?

Mama Kijana: Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu wa miaka miwili amelazwa katika wodi ya upasuaji wa watoto. Tangu azaliwe amekuwa akipata choo kwa shida, tumbo likijaa hadi ngozi inang’aa, na baada ya kipimo cha kipande kidogo cha nyama ya utumbo tulielezwa kwamba ana ugonjwa wa Hirschsprung, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina seli za neva za kuuwezesha kusukuma kinyesi. Amewekewa kolostomi, yaani utumbo umetolewa kwenye tundu la tumboni ili kinyesi kiingie kwenye mfuko, huku akisubiri upasuaji mkubwa. Ngozi inayozunguka tundu hilo imechubuka, mifuko haipatikani kila mara, na kinachoniumiza zaidi ni kwamba akimwona yeyote mwenye koti jeupe hulia mpaka anatapika. Ndugu wengine wanasema nilikula kitu kibaya nikiwa mjamzito.

Muuguzi wa Watoto: Pole sana, mama. Seli hizo hushindwa kufika mwisho wa utumbo mtoto akiwa bado tumboni, na si chakula chako kilichosababisha. Waambie ndugu hivyo bila kuona haya. Osha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe kwa kuigusagusa, kisha uipake mafuta ya zinki. Mfuko ukikosekana, kitambaa laini cha pamba kinafaa, mradi ukibadilishe mara tu kinapochafuka. Utumbo unaoonekana nje unapaswa kuwa mwekundu na wenye unyevu. Ukigeuka kuwa mweusi au wa zambarau, mwite muuguzi papo hapo. Vilevile, mtoto akipata homa, tumbo likajaa, akatapika au akaharisha kinyesi chenye harufu kali isiyo ya kawaida, usingoje asubuhi, kwa kuwa utumbo unaweza kuwa umeshambuliwa na maambukizi yanayoweza kumuua mtoto haraka. Hatari hiyo huweza kubaki hata baada ya upasuaji.

Baba Wawili: Dada, binti yetu alipitia njia hiyohiyo. Kuhusu hofu, naamini kwa dhati kwamba mtoto hapaswi kudanganywa: akiambiwa sindano haiumi, kisha ikauma, hatamwamini tena mtu yeyote, hata mzazi wake. Tulimwambia, “Itauma kidogo, nami nitakuwa nimekushika,” na tukawaomba wauguzi wamtolee damu katika chumba cha matibabu, ili kitanda kibaki mahali pa kulala na kucheza tu. Mwanasesere wake naye tulimshonea kimfuko tumboni, na tangu hapo akawa anataka kumbadilishia mwenyewe. Gharama zikiwalemea, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla deni halijawa kubwa.

Mama Kijana: Nawashukuru mno. Je, baada ya upasuaji atajizuia choo kama wenzake?

Muuguzi wa Watoto: Wengi hufikia hapo, ingawa baadhi huchukua miaka, wakisumbuliwa na choo kigumu au kujichafua. Daktari akikufundisha kupanua njia ya haja kubwa kwa vifaa maalumu, jifunze na msaidizi wako, tena mfanye mbele ya muuguzi hadi mikono iwe imezoea, ndipo mkubali kuruhusiwa kwenda nyumbani.