Mnaouza "kinga ya vijidudu vya ICU" nje ya geti la hospitali hapa Mtwara, mna roho gani?

Wakuu, leo sina salamu.

Mama yangu alipata kiharusi cha damu kuganda, tukamtoa Tandahimba usiku kwa usiku hadi hospitali moja hapa mjini. Akaingizwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi: mpira puani wa kulishia, mpira wa mkojo, mashine ya kupumulia. Siku ya tatu natoka kutafuta chai, jamaa wa koti jeupe ananiita, "Kaka, pole na mgonjwa." Akanieleza kwamba mle ndani watu hawauawi na ugonjwa waliokuja nao, wanauawa na vijidudu vya humo humo, na yeye anayo kinga: unga wa mlonge, kitunguu saumu, habasoda na "bakteria wazuri". Kopo 85,000. Dozi makopo mawili.

Ubaya wake, nusu ya maneno yale ni kweli. Vijidudu vya hospitali vipo, na mtu aliye kwenye mashine anapata nimonia kirahisi. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Mdogo wangu akatuma hela ya korosho, yaani ile ile aliyoisubiri ushirika mpaka akachoka.

Nesi alikataa katakata kumpa. Shangazi akaona anatudharau (na kweli alitujibu vibaya). Saa ya kuona wagonjwa akakoroga unga kwa maji ya mama lishe, akausukuma kwa bomba la sindano kwenye mpira wa puani. Ukaziba. Ikabidi utolewe, uwekwe mwingine, mama machozi yanamtoka na kusema hawezi. Mimi nimesimama pale na kopo mkononi.

Daktari alifoka, na haki alikuwa nayo. Mama yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, na kitunguu saumu kingi juu yake kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Yule wa getini hakuuliza hata mgonjwa anatumia dawa gani.

Na hao "bakteria wazuri"? Binamu yangu anayesomea udaktari alinionyesha utafiti uliotoka 2021: wagonjwa 2,650 wa mashine za kupumulia, Canada, Marekani na Saudi Arabia. Kundi moja lilipewa bakteria hao, jingine kitu cha kufanana nao lakini bila bakteria wala dawa ndani. Nimonia ikawapata karibu sawasawa, 21.9% na 21.3%. Tena waliopewa, 15 walikutwa na bakteria yule yule sehemu isiyotakiwa kuwa na kijidudu, kama damu, au sehemu nyingine ya mwili akiwa peke yake au kawazidi wenzake. Kundi la pili ni mmoja tu.

Baadaye nesi yule yule (tulipatana) alinionyesha wanachofanya: kichwa cha kitanda kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45, mdomo unasafishwa, kila siku wanauliza kama mpira bado unahitajika, mikono inaoshwa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada. Nikamuuliza, mbona sinki la mlangoni halina sabuni? Akacheka kicheko cha uchovu. Hapo nina hasira na uongozi wa wodi pia, msidhani nawapamba. Kesho yake nilinunua sabuni mwenyewe. Hela ya kopo moja ingenunua sabuni ya wodi nzima, na unga ule hauoshi mkono wa mtu.

Sipingi dawa za asili, mimi nimekunywa mwarobaini tangu utotoni. Lakini tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, tuna Baraza lake, tuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kopo langu halina namba ya usajili, halina jina la kiwanda, halina hata tarehe ya kuisha muda. Namba ya simu tu. Nimeipiga juzi kudai hela yangu, akanijibu, "Kaka, dozi hujamaliza, ongeza la tatu."

Mama ametoka ICU, yuko wodi ya kawaida, mkono wa kulia bado. Shangazi hasemi na mimi. Kopo la pili analo yeye, kalifungia kabatini kwake Chikongola, anasema mgonjwa akirudi nyumbani tutaona.

Nani mwingine kauziwa? Wekeni picha ya kopo hapa.