Bunduki ipi, SKS, Mini-14, WASR au AR-15, kwa nguruwe wa shambani? Ana dola 900 tu

Mkulima wa Makangale

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wenu, wala si kwa ajili yangu. Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Texas, kakodi ekari nne nje ya mji, analima bamia, pilipili na viazi vitamu. Nguruwe mwitu wamemwingilia. Juzi kanitumia picha aliyoipiga alfajiri: matuta kumi na mawili ya viazi yamefukuliwa, mashina yako juu, na katikati yake vijinyayo vya watoto wa nguruwe vimejaa maji. Nilipoiona nilikaa kitako.

Mimi nimezaliwa ubavuni mwa msitu wa Ngezi, hapa Pemba, nguruwe nawajua. Huku tunakesha vibandani tukipiga madebe, na wasasi wakija na mbwa wao tunawapikia uji. Kule sheria inaruhusu kuwapiga risasi, na tangu Septemba 2019 hata leseni ya uwindaji haitakiwi kwa nguruwe hao, ilmradi uko kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenyewe karidhia. Huyu aliyemkodisha karidhia.

Ana dola 900 za kila kitu. Anataka bunduki ya nusu otomatiki, inayojikoki yenyewe kila risasi, maana nguruwe hawaji mmoja. Kaniandikia majina manne: SKS, Mini-14, WASR-10 ya Romania, ya jamii ya AK, na AR-15 ya bei ya chini. Nazungumzia Texas, huku kwetu silaha za namna hiyo ni za vikosi, tafadhali mada isihamie huko.

Mstaafu wa Bububu

Waalaykum salaam. SKS ndiyo ile sisi tukiiita SAR. Nimeibeba miaka mingi kikosini, nimelala nayo mvuani, nimevuka nayo mikoko maji ya kiunoni, na siku ya shabaha haikuniangusha. Simonov aliisanifu 1945. Mbao na chuma, kilo nne kasoro kidogo, risasi kumi ndani ya magazini isiyobanduka. Unazisukuma kutoka kwenye klipu kwa kidole gumba. Gesi inasukuma pistoni, kwa hiyo masizi hayajazani kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Risasi yake, 7.62×39, ina gramu 8 hivi. Nguruwe akiipokea begani hafiki mbali.

Akienda kuitazama, aulize kwanza ni ya nchi gani. Za Kirusi na za Kichina kwa kawaida zina kromu ndani ya mtutu. Ile ya Yugoslavia, M59/66, haina, tena ina valvu ya gesi iliyowekwa kwa ajili ya kurushia mabomu. Valvu ikilegea gesi inavuja, ukawa unakokota kwa mkono kila risasi.

Halafu avue bolti, aisogeze sikioni, aitikise. Asikie pini ya kulipulia risasi ikigonga ndani, tak tak. Ikiwa kimya, ndani mna grisi ya ghalani iliyoganda, na pini iliyokwama mbele hulipua risasi pale bolti inapofunga, kidole hakijagusa kitu. Nawaomba sana jambo hili asilipuuze. Bolti ifunguliwe, iloweshwe, isafishwe mpaka pini icheze yenyewe, ndipo atie risasi.

Binti wa Wesha

Babu Mstaafu, shikamoo. Kaka Mkulima, pole kwa mdogo wako.

Nami niseme la kutu. Risasi za zamani zilizokuwa zikiuzwa rahisi, za maghala ya majeshi ya Yugoslavia na Uchina, nyingi fataki zake, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, zinaacha chumvi mtutuni. Ni jamaa wa chumvi yetu ya kula: inavuta unyevu hewani, na kesho yake chuma kimeota wekundu. Watu wanapaka mafuta wakidhani wamemaliza, na mafuta hayayeyushi chumvi. Baba yangu ni mvuvi. Akishuka pwani, hata awe na njaa vipi, mashine ya boti inasuuzwa kwanza kwa maji matamu, ikauke, ndipo kitambaa cha mafuta. Mwaka mmoja kijana wake alianza na mafuta. Kwa juu mashine iling'ara, chini yake chumvi ikala mpaka boliti zikakatika ndani.

Bunduki vilevile: maji ya moto mtutuni, kwenye pistoni na kwenye bomba la gesi, ikauke, halafu mafuta. Usiku uleule aliporudi. Kromu inachelewesha kutu tu, haiizuii.

La pili ni hesabu. Bunduki atailipa mara moja, risasi atazilipa kila akiishiwa. Senti 10 zikipungua kwenye kila risasi, akifika risasi 1,000 kaokoa dola 100. Kwa hiyo tusichague bunduki kabla hatujajua bei ya risasi zake leo. Aliyeko huko atwambie.

Mswahili wa Houston

Dada umegusa penyewe. Miaka ya nyuma 7.62×39 ilikuwa rahisi sana, ya maganda ya chuma kutoka Urusi. Agosti 2021 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba kuanzia Septemba 7 haitoi vibali vipya vya kuingiza risasi za Kirusi. Vibali vya zamani vikamalizika taratibu, na bei ikapanda. Siku hizi naona zaidi za Serbia na Bosnia, maganda ya shaba, na mimi nalipa zaidi ya senti 50 kwa moja. .223, risasi ya Mini-14 na AR-15, naipata kwa senti 40 na kitu. Ile sababu kubwa ya kununua SKS, risasi rahisi, imeondoka.

SKS zenyewe pia zinaadimika. Za Kichina zilipigwa marufuku kuingia 1994, zilizopo ndizo hizohizo zinazozunguka mikononi. Ya mwisho niliyoishika ilikuwa dola 650, na kitako kina ufa.

Mini-14 naipenda, inakula maganda ya chuma bila tabu, lakini mpya inapita dola 1,000, basi tuiache. WASR itammalizia pesa zote, abaki na bunduki bila risasi.

AR-15 hataza yake iliisha 1977, viwanda chungu nzima vinaitengeneza, na kwa dola 500 anatoka na mpya. Asome maandishi juu ya mtutu: wa 5.56, ile ya kijeshi inayofanana na .223, unakubali na .223, lakini ulioandikwa .223 peke yake asiulishe 5.56, shinikizo linazidi. Akinunua maganda ya chuma ajue kwamba hayatanuki vizuri kama shaba, masizi yanarudi kwenye chemba, pale risasi inapokaa, na kile kikucha kinachovuta ganda kinachakaa mapema. Viwanja vingi vya shabaha vinapitisha sumaku, vikizikuta vinazikataa.

Na la karatasi. Dukani atajaza fomu 4473 na kuapa kwamba mnunuzi wa kweli ni yeye. Asimtume rafiki amnunulie, hilo ni kosa la jinai. Nauliza pia: ana kadi ya ukaazi wa kudumu, au viza ya muda? Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi.

Mkulima wa Makangale

Kadi ya ukaazi anayo, mwaka wa tano sasa. Shukrani kwa hilo, sikulijua.

Mstaafu wa Bububu

Kijana wa Houston, bei nimekuelewa. Lakini kirisasi cha gramu tatu na nusu kwa nguruwe dume mwenye ngao ya ngozi ngumu begani? Akimjeruhi akamwacha akimbie, huyo anakwenda kufa siku tatu kichakani kwa maumivu. Nguruwe ni haramu kumla, kumtesa pia ni haramu.

Mswahili wa Houston

Kweli kabisa babu, ndiyo maana hatumii risasi za shabaha. Anunue zenye ncha laini, zile nzito kidogo za gramu 4, apige nyuma ya sikio au shingoni, na asizidishe hatua 80. Mimi nawapiga hivyo na wanaangukia palepale.

Swali langu ni moja: wanakuja saa ngapi?

Mkulima wa Makangale

Saa nane za usiku, saa tisa. Mchana hawaonekani kabisa, kama hawa wa Ngezi.

Mswahili wa Houston

Basi SKS itamtesa. Giza lile kilengeo cha chuma hakionekani, na kufunga darubini juu yake ni kazi: kifuniko cha juu kinacheza, kila ukikivua ili kusafisha, shabaha inahama. AR ina reli juu na mbele, atafunga darubini na tochi kwa dakika kumi.

Mstaafu wa Bububu

Saa nane za usiku sibishani tena. SAR yangu usiku tuliipiga kwa kufuata sauti tu, na kule huenda kuna nyumba za watu. Achukue hiyo AR.

Nyuma ya matuta kuna nini? Risasi ikimkosa nguruwe inakwenda wapi?

Mkulima wa Makangale

Nimempigia sasa hivi, nikamwamsha. Mashariki kuna barabara na nyumba ya Wameksiko wawili. Magharibi kuna tuta la bwawa, udongo mtupu, linampita urefu. Nimemwambia kibanda akijenge upande wa barabara, mgongo kwenye nyumba za watu, mtutu ukielekea bwawani, na juu ya nguzo mbili apigilie vijiti ili mtutu usiweze kugeuka zaidi ya hapo hata akiwa na usingizi.

Bunduki dola 500, darubini na tochi 180. Hizo 220 zilizobaki nimemkataza kununua kasha zima. Jumamosi anachukua boksi tatu za ishirini ishirini, za viwanda vitatu, zote ncha laini, anakwenda uwanjani. Itakayopanga matundu yake ndani ya kiganja kwa hatua 80, ndiyo atakayoinunulia kwa pesa iliyobaki.