Naomba ushauri: kuhamishia ramani za mabomba ya maji kwenye QGIS

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa ramani za kidijitali kwenye huduma ya maji.

Niko kwenye mamlaka ya maji, upande wa mtandao wa mabomba. Tunaingiza mabomba, valvu, matangi na mita za wateja kwenye QGIS (programu ya ramani), data inakaa PostGIS (hifadhidata ya ramani). Zote ni za bure, hapo hatuna tatizo.

Kinachotukwamisha ni michoro ya zamani. Tumeiskani na kuilinganisha na picha za setilaiti, lakini mchoro unaweka bomba upande huu wa barabara, fundi mkongwe anaapa liko upande wa pili (na mara nyingi fundi ndiye mkweli, ila wengi wao wanakaribia kustaafu). Tumejaribu GPS ya simu: hata pakiwa wazi inakosea mita kadhaa. Kwa mita ya mteja inavumilika, kwa anayechimba mtaro haivumiliki. Na bomba la plastiki halishikwi na kitambuzi cha chuma, labda liwe limezikwa na waya.

Sasa, tupime kwanza valvu na chemba zote kwa kipokezi cha RTK (GPS ya usahihi wa sentimita), au tuingize vyote kama vilivyo, kila bomba na kiwango chake cha uhakika, tuwe tunarekebisha kila tunapochimba?

Pia, mmeunganishaje ramani na mfumo wa ankara ili mteja akibadilishiwa mita kiungo kisikatike? Mlitumia namba ya akaunti au ya kiwanja?